Aleluya Kuu kwa kwaya ya kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Krismasi ikishapita tu, walimu wa kwaya za parokia wanaanza kuulizana: "Vipi, Pasaka hii mnaimba Aleluya Kuu?" Ni ile ya mtunzi Handel, inayofunga sehemu ya pili ya Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya. Kwaya nyingi Tanzania huijaribu. Nyingine huiimba ikakaa sawasawa, nyingine hufika nayo katikati zikaachana njia. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wanakwaya na walimu wenzangu huuliza kila msimu. Nimeyajibu kwa wimbo huo mmoja, ingawa mengi yanahusu wimbo wowote wa sauti nne: soprano, alto, tenori na besi.

Sijui kusoma nota hata moja. Naweza kuimba wimbo huu?

Naam. Katika kwaya ya kawaida wanaosoma nota vizuri ni wachache, na waliobaki huimba kwa kuwasikiliza hao. Si aibu. Shida inakuja siku msomaji wenu anapopata msiba au zamu ya usiku kazini, na sauti nzima ikapotea. Kwa hiyo jitahidi ujue mambo matatu: mstari wa sauti yako uko wapi kwenye karatasi, mapigo yanahesabiwaje, na nota inapanda au inashuka. Ukiyajua hayo utaifuata karatasi, hutaishika tu mkononi kama mchango wa harusi.

Tutumie nota za solfa au za mistari mitano?

Solfa, yaani nota za do, re, mi, kama ndiyo mliyokulia. Kuna walimu vijana wanaoidharau, wanaiona ya kizamani. Sikubaliani nao. Solfa ilitengenezwa hasa kwa ajili ya watu kama sisi: Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliibuni ili kufundisha watoto kuimba, kisha mchungaji John Curwen akaichukua katika miaka ya 1840 na kuieneza kwenye shule za Jumapili na kwa wafanyakazi wasio na uwezo wa kulipia masomo ya muziki. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio tunaouimba leo katika "Mungu ibariki Afrika", alikuwa mtu wa solfa.

Faida yake kubwa ni kwamba Do inahama. Mkishusha wimbo nusu hatua kwa sababu soprano wana mafua, hakuna nota inayobadilika kwenye karatasi. Alama zake ni chache: mstari wima unatenga kipimo, nukta mbili zinatenga pigo na pigo, nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu, kistari kinamwambia mwimbaji aendelee kushikilia.

Udhaifu wake unaonekana wimbo unapohama ufunguo. Aleluya Kuu ipo katika D, lakini mapema sana inasogea kuelekea A, na hapo mnakutana na "fe", yaani Fa iliyopandishwa. Wengi huimba Fa ya kawaida bila kujua, na kwaya nzima inachacha. Kila "fe" kwenye karatasi yako izungushie penseli siku ya kwanza kabisa.

Mpiga kinanda yeye ajue mistari mitano. Hilo halina mjadala.

Tunaruhusiwa kufanya mazoezi ya Aleluya wakati wa Kwaresima?

Swali hili hurudi kila mwaka, na mara nyingi linaletwa na mama mmoja wa imani thabiti. Kanisa halitumii Aleluya katika liturujia kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka. Mazoezi ya Alhamisi jioni si liturujia. Ila kuna waumini wanaosali kanisani wakati ninyi mko ukumbini, na si vizuri wausikie mlangoni. Kwaya nyingi hutatua jambo hili kwa kuimba solfa tupu, au "la la la", hadi Juma Kuu.

Mimi naona huo ni msaada kuliko katazo. Kwaya inayoimba solfa kwa wiki kadhaa haina pa kujificha. Ukiimba "Aleluya" unaweza kubabaisha nota, ila ukitamka "so" huku unaimba "la" jirani yako anageuka kukutazama.

Mazoezi ya kwanza tuanzie ukurasa wa kwanza?

Hapana, na hapa nina msimamo. Ukianzia ukurasa wa kwanza kila mara, ukurasa wa kwanza utakuwa mzuri mno na wa mwisho hautafikiwa kamwe. Saa mbili za mazoezi zinaisha, watu wanawahi daladala, na kurasa za mwisho zinasubiri wiki ijayo. Wiki ijayo mnaanzia tena mwanzo.

Anzia pale kwaya nzima inapotembea pamoja kwa maneno yaleyale: "Ufalme wa dunia". Ni sehemu ya polepole kimaumbile, sauti zote nne zinabadilika kwa wakati mmoja, na mtu aliyekuja leo kwa mara ya kwanza anaweza kuisikia kwaya ikitoa kitu kinachoeleweka kabla hajaenda nyumbani. Kabla ya kuimba someni maneno kwa mdundo, bila sauti za muziki, mkipiga makofi kila pigo. Mnaweza kucheka mkisoma hivyo kwa pamoja, lakini makosa mengi tunayoyaita ya nota ni ya mapigo.

Baada ya hapo nendeni mwisho, kwenye aleluya zile za kufungia. Halafu ndipo mrudi mwanzo.

Kila sauti ijifunze peke yake kwanza, halafu tuunganishe?

Ndivyo wengi tunavyofanya. Soprano wanakwenda chini ya mwembe, besi wanabaki ukumbini, alto nyuma ya ofisi ya paroko, tenori wanatafutwa. Kwa wimbo mgumu haiepukiki. Ila muda unaotumika huko usiwe zaidi ya theluthi moja ya mazoezi, na sababu ni hii: wimbo wa sauti nne haujulikani na mtu mmoja mmoja, unajulikana na kwaya. Alto aliyejifunza mstari wake peke yake amejifunza kitu ambacho hakipo. Nota yake ina maana kwa sababu ya ile ya besi iliyo chini yake na ile ya soprano iliyo juu yake. Asipoyasikia hayo mawili, akiwa peke yake ataimba sawa, na wakikutana atapotea, halafu atasema, "Mwalimu, jana niliweza."

Njia ninayoipenda ni kuunganisha sauti mbili mbili mapema, hata kama hakuna anayejua vizuri. Besi na soprano kwanza, kwa sababu ndizo kingo za nje. Kisha alto na tenori, ambao kwa kawaida hawapewi nafasi ya kusikilizana hata siku moja. Utashangaa kuona mambo mangapi alto na tenori wanayafanya pamoja katika Aleluya Kuu bila wao kujua.

Jambo jingine: wakati sauti moja inafundishwa, zingine zisikae zikisoma simu. Zivume. Soprano wavume mstari wao kwa mdomo uliofungwa wakati mwalimu anawafundisha tenori. Ukumbi unakuwa na kelele kidogo, mwalimu anachoka haraka, lakini tenori wanajifunza nota yao ikiwa mahali pake.

Vipi kuhusu kutumiana rekodi za kila sauti kwenye WhatsApp?

Zinasaidia, na siku hizi huwezi kuzizuia. Mpiga kinanda anarekodi mstari wa kila sauti, katibu anazituma kwenye kundi, watu wanasikiliza kwenye foleni. Mtu anayetoka kazini saa moja usiku na hawezi kuhudhuria kila zoezi hana njia nyingine.

Lakini angalia kinachotokea mazoezini. Tenori aliyejifunza kwa spika za masikioni anaimba mstari wake safi kabisa. Alto wakianza kuimba pembeni yake anainua mkono, anaziba sikio kwa kidole. Mkiona vidole masikioni, jueni rekodi imefanya nusu ya kazi na kuharibu nusu nyingine: imemfundisha nota na imemfundisha kwamba wenzake ni usumbufu.

Mambo mawili yanapunguza madhara. Kwanza, rekodi iwe ya sauti zote nne, huku moja ikitokeza kidogo juu ya nyingine. Programu za kuandikia nota zinafanya hivyo bila shida, na hata bila programu wanakwaya wanne na simu moja wanatosha. Pili, rekodi itumwe baada ya zoezi la kwanza, wala si kabla, ili mtu aisikilize kukumbuka alichokiimba na wenzake. Na tafadhali, anayerekodi asiwe na haraka. Kosa lililo kwenye rekodi linafika kwa watu 40 usiku mmoja, na kulitoa kunachukua mwezi.

Sehemu gani hasa zinatuangusha?

Tatu, na karibu kila kwaya inaangukia hapohapo.

Ya kwanza ni "naye atamiliki milele na milele". Hapa sauti haziingii pamoja. Besi wanaanza peke yao, kisha tenori wanaingia na mstari uleule, kisha alto, mwisho soprano. Kila anayeingia anaimba kitu kinachofanana na cha aliyemtangulia, lakini aliyemtangulia tayari ameshahamia kwenye kitu kingine. Wenye kosa mara nyingi si wanaoingia, ni walioshaingia: besi wakiwasikia tenori wakiimba mstari waliokuwa nao wao, wanaupenda, wanaurudia. Dawa ni kuwafundisha watu wote wa sauti zote mstari ule wa kwanza, wauimbe kwa pamoja hadi uwe wa kila mtu. Halafu mgawane. Mtu akishaujua mstari wa mwenzake vizuri, haumvuti tena.

Na kila sauti inapoingia, zile zingine zipunguze. Anayeingia ndiye mwenye habari mpya. Mwalimu hana haja ya kupunga mikono kwa nguvu, awaambie tu walioingia kwamba lazima wasikie neno la kwanza la wanaofuata. Msiposikia, mko juu mno.

Ya pili ni "Mfalme wa wafalme, na Bwana wa mabwana". Soprano wanashikilia nota ndefu moja, wengine wanajibu kwa haraka "milele na milele, aleluya", kisha soprano wanapanda, wanashikilia tena, na tena. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kwamba nota ndefu inashuka yenyewe wakati mtu anasubiri, na kila hatua mpya inaanzia chini kidogo ya inapostahili. Wakifika juu, wimbo wote umeteremka na kinanda kinawaumbua. Wapokezane pumzi: wawili wanapumua, wanne wanaimba, halafu wanabadilishana kimyakimya, na hakuna anayeishi kwa pumzi ya mwisho. Tena wasiishikilie nota kwa kuikaza. Waikuze kidogo jinsi inavyoendelea.

Ya tatu ni kimya. Karibu na mwisho, aleluya zinarundikana, kasi iko juu, kisha ghafla Handel anaweka ukimya wa kwaya nzima kabla ya aleluya ya mwisho ya taratibu. Kila mwaka, mahali fulani Tanzania, mtu mmoja anaimba peke yake ndani ya kimya hicho. Kwa kawaida ni tenori, na kwa kawaida ni yule mwenye sauti kubwa.

Mtu huyo hafundishiki kwa kugombezwa. Kimya kifundishwe kama nota: kihesabiwe, kipumuliwe. Kwaya nzima ivute pumzi pamoja ndani yake, kwa kuonekana, mabega wazi. Anayevuta pumzi hawezi kuimba.

Tunaanza kwenye D na kumaliza chini yake. Kwa nini tunashuka?

Sababu za kawaida ni uchovu, viti (imbeni mmesimama, au angalau mgongo usiguse kiti), na nota zinazorudiwarudiwa. Kila mkirudia nota ileile kwa uvivu inapungua unywele mmoja, na wimbo huu umejaa marudio. Mi na Ti nazo hupenda kuwa chini, kwa hiyo ziwazeni juu.

Kuna sababu nyingine ambayo walimu hawapendi kuisikia: kwaya inashuka kwa sababu inaimba kwa nguvu mno. Imbeni wimbo mzima kwa sauti ndogo, bila kinanda, halafu mwishoni mpiga kinanda apige D. Mara nyingi mtajikuta mko palepale.

Mkishindwa kabisa na soprano wanaumia koo, shusheni nusu hatua. Nyuzi na mabomba ya Uingereza ya wakati wa Handel yalikuwa yamewekwa chini kidogo ya tunavyoweka leo, kwa hiyo hamjamkosea mtu.

Kinanda kiingie lini?

Kichelewe. Kikiwepo tangu siku ya kwanza kwaya inakiegemea na haijifunzi kusimama. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, msikimbilie kufunga. Hizo ndizo dakika bora za wiki nzima.

Wanaume wa sauti ya tatu hatuna. Akina mama wanaweza kuimba tenori?

Wanaweza, wenye sauti nzito, mradi wasilazimishe zile nota za chini kabisa. Messiah ilipoimbwa kwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwaya ilitolewa kwenye makanisa makuu mawili ya jiji hilo, na ilikuwa ya wanaume na wavulana: soprano tunayoigombania leo iliimbwa na watoto wa kiume. Sauti ni ya anayeiweza. Bora tenori watatu, mmoja wao mama, wanaosikilizana, kuliko kumhamisha besi kwa nguvu akaishia kupiga kelele.

Nani anaamua wimbo uimbweje: mwalimu, karatasi, au rekodi ya YouTube?

Tuanze na karatasi. Nakala nyingi tunazotumia zimejaa alama: hapa ndogo, hapa kubwa, hapa kuzeni. Wanakwaya huamini kwamba kila alama imetoka kwa Handel mwenyewe. Watunzi wa enzi yake waliandika alama chache sana za namna hiyo, na nyingi mnazoziona ziliongezwa na wahariri na wachapishaji wa baadaye. Baadhi ni za busara, na nyingine ni kawaida tu zilizogeuka kuwa sheria. Kwa hiyo karatasi inawapa nota, maneno na mapigo. Mengine ni kazi yenu.

Rekodi nazo zinapingana. Kuna za kwaya ndogo ya waimbaji wachache, nyepesi na ya haraka, na kuna za kwaya kubwa zinazotembea kwa uzito. Zote zina historia yake. Mwaka 1784, kwenye maadhimisho ya Handel katika kanisa la Westminster Abbey, London, wapigaji na waimbaji walizidi 500. Karne ya 19 ikaleta kwaya kubwa za watu wa kawaida, kama ile ya mji wa Huddersfield, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1836 na ambayo mpaka leo Messiah ni chakula chake. Ukisema "inaimbwa hivi", swali linakuwa: na nani, na wapi?

Sasa mwalimu. Mwishoni lazima awe mmoja, kwa sababu watu 40 hawawezi kupiga kura wakati wimbo unaendelea. Ila mwalimu anayeamua kabla hajaisikia kwaya yake anaamulia kwaya ya kufikirika. Chukua "Ufalme wa dunia umekwisha kuwa ufalme wa Bwana wetu". Desturi ni kuanza kwa sauti ndogo kwenye "dunia" na kulipuka kwenye "Bwana". Wengi wanafanya hivyo bila kuuliza. Wape wanakwaya Ufunuo 11:15, waisome, uwaulize: hapa nani anasema, na anamwambia nani? Niliwahi kusikia besi mmoja, fundi seremala, akijibu kwamba hizo ni sauti kuu mbinguni, imeandikwa hivyohivyo, na sauti kuu hainong'oni. Alto mmoja akamjibu kwamba dunia ndiyo inayonong'ona kwa kuwa imeshindwa. Kwaya ikaimba namna zote mbili. Walichagua ya alto, lakini tangu siku hiyo yule seremala alipoimba "dunia" kwa sauti ndogo alijua kwa nini, na ilisikika. Hakuna alama ya penseli inayoweza kuzaa kitu hicho.

Jengo nalo lina kura. Kanisa la zege lenye dari refu linarudisha sauti: mkienda mbio, aleluya ya kwanza inakutana na ya tatu hewani na maneno yanapotea. Kigango cha bati na madirisha wazi hakirudishi kitu, mkienda polepole mnasikika mmechoka. Na mvua ikinyesha juu ya bati, sahauni habari ya sauti ndogo.

Tutamke vipi maneno?

Kiswahili ni rafiki wa mwimbaji, irabu zake ziko wazi. Angalieni viwili tu. "Ya" ya mwisho wa "aleluya" ni nusu pigo, ni nyepesi, na uzito uko kwenye "lu". Kwaya nyingi hupiga kelele kwenye "ya" kana kwamba inaita gari. Imbeni mstari wa soprano wa mwanzo, Do ya juu, So, La, So, mkiacha "ya" ianguke yenyewe, mtaona wimbo mzima unapata mwendo.

Pili, "Mfalme". Ile "m" ina nafasi yake. Fungeni midomo, ivumeni kwenye kimo cha nota. Anayeimba "umfalme" au "mufalme" aelekezwe kwa upole.

Tafsiri za Kiswahili hutofautiana kidogo kati ya nakala na nakala. Chagueni moja siku ya kwanza, kateni mjadala.

Lazima kuwe na nota? Babu zetu waliimba bila karatasi.

Si lazima kwa kila muziki. Missa Luba, misa ya kwaya iliyojulikana dunia nzima baada ya mwaka 1958, ilitoka kwa waimbaji wa Kamina, Katanga, nchini Kongo, pamoja na padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji. Sehemu kubwa ilizaliwa kwa waimbaji kubuni wenyewe juu ya namna za kuimba za Kiluba, nota zikaandikwa baadaye. Mnamo 1990 kwaya ya Kenya, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, ilirekodi misa hiyo. Kilichokuwa hewani Kamina kilikuwa sasa kazi ambayo kwaya nyingine inaweza kujifunza.

Kwa Aleluya Kuu sikushauri. Sauti zinapishana mno. Ila jifunzeni kitu kutoka Kamina: kwaya iliyozoea kubuni kiitikio papo hapo, kama mnavyofanya kwenye nyimbo za mavuno, ina masikio makali kuliko kwaya inayosoma tu. Fungueni mazoezi kwa wimbo wa namna hiyo, wa kuitikiana, kila mtu atafute sauti yake. Unapasha koo na masikio kwa mpigo mmoja.

Inachukua muda gani?

Kwa kwaya inayokutana mara mbili kwa wiki na haijawahi kuuimba, anza mwanzoni mwa Kwaresima au kabla. Handel aliandika Messiah yote kwa siku 24, kati ya Agosti na Septemba 1741, lakini hakuwa na kikao cha sare kila Jumamosi.

Waumini wasimame?

Wengi husimama. Hadithi kwamba mfalme George wa Pili ndiye aliyeanzisha kwa kusimama London inasimuliwa sana, lakini hakuna ushahidi wa wakati huo unaoithibitisha. Muulizeni paroko.

Tunaweza kutoa kopi?

Handel alifariki mwaka 1759, muziki wake ni wa wote. Tafsiri na mpangilio wa kinanda vinaweza kuwa vya mtu aliye hai. Na nyimbo za watunzi wetu wa hapa nyumbani ni mali yao: kabla ya kudurufu, mpigie mtunzi. Wengi wanapatikana, na wengi wanafurahi kupigiwa.

Ikitokea tumepotea katikati ya misa, tufanyeje?

Mjiandae kwa hilo mazoezini, wazi kabisa, bila kuona haya. Chagueni vituo viwili au vitatu ambapo wote mnaimba kitu kimoja: "Kwa kuwa Bwana Mungu Mwenyezi", ambapo sauti zote ziko kwenye mstari mmoja, ni kizuri, "Ufalme wa dunia" ni kingine. Baada ya hapo, mwingilio wa besi. Vipeni namba, ziandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kila karatasi. Mambo yakiharibika, mwalimu anainua vidole viwili, mpiga kinanda anaruka hadi namba mbili, anapiga kipimo kimoja, mnaingia. Fanyeni zoezi hilo mara kadhaa: mwalimu awavuruge makusudi, amwambie alto mmoja aimbe mstari wa uongo, halafu muone mnakutana wapi.

Aliyepotea peke yake asitafute nota kwa kuimba. Anyamaze, amsikilize aliye kulia kwake, aingie kwenye "aleluya" inayofuata. Katika wimbo huu haiko mbali.